Goti la Kigoda

Jina la Kigoda hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa, tena kwa sababu mbili: kwanza kazi yake ni useremala, pili ukimwona kwa mbali amesimama unaweza kudhani amekaa. Mwenyewe hakuwahi kununa. Ukimwita Fundi anaitika. Ukimwita Kigoda anaitika kwa sauti kubwa zaidi, kisha anakuuliza unataka cha miguu mitatu au minne.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye paa la bati na dirisha moja lililomwaga jua la asubuhi juu ya meza ya kazi. Sakafuni kulikuwa na maranda mengi hivi kwamba mtu akiingia humsikii, unamwona tu ameshafika. Kila kifaa kilikuwa na msumari wake ukutani: msumeno hapa, randa pale, patasi zimejipanga kuanzia nene mpaka nyembamba. Na katikati ya ukuta, mbali na vifaa vingine kama mgeni wa heshima, kilining'inia kijiti.

Kijiti chenyewe ungekikuta njiani usingekiokota. Kilikuwa kipande cha mti mgumu, kimekuwa cheusi kwa kushikwashikwa, urefu wake ni kutoka unyayo mpaka nyuma ya goti. Goti la nani? La Kigoda mwenyewe, lakini Kigoda wa zamani. Siku alipoingia kujifunza kazi, akiwa na umri wa watoto wa darasa la mwisho, fundi mzee aliyemfundisha alimkalisha kwenye ubao, akamwambia akanyage sakafu sawasawa, akasimamisha kijiti pembeni ya mguu wake na kukikata palepale.

"Hiki ndicho kiti cha darasa la mwisho," fundi mzee alisema. "Madarasa ya chini utapunguza upana wa kidole kwa kila darasa. Meza utaongeza shubiri moja na vidole vitatu juu ya kiti. Na usibahatishe hata siku moja."

Fundi mzee alikuwa ameshafariki zamani, lakini Kigoda hakubahatisha. Madawati yote ya shule ya mtaa yalizaliwa na kijiti kile. Vitanda na makabati vilikuja na kuondoka, ila madawati ndiyo yaliyokuwa roho ya karakana. Mtu mzima na tai yake akikutana naye barabarani alikuwa akisimama na kusema, "Fundi, mimi nilisomea dawati lako," na siku hiyo Kigoda hata chai hakuhitaji, alishiba.

Mshirika wake kazini alikuwa mdogo wake wa kike, baba mmoja mama mmoja. Yeye alipiga msasa na kupaka vanishi, na mtaani aliitwa Mlingoti. Alikuwa mrefu hasa! Kuingia karakana alikuwa akiinamisha kichwa, na kopo la vanishi lililowekwa juu kabisa ya rafu alilishusha huku anaongea mambo mengine. Watu walipowaona wamefuatana walicheka kabla ya kusalimia.

"Wewe uliokotwa," Kigoda alikuwa akimwambia.

"Na wewe ulifuliwa kwa maji ya moto," Mlingoti alikuwa akimjibu. "Ulikuwa shati zuri tu la sufu, wakakurudisha nguo ya mwanasesere."

Basi shule ikajengewa madarasa mapya. Kuta zilipokauka rangi, Mwalimu Mkuu akatuma salamu kwamba anamhitaji Fundi. Kigoda akavaa shati lililopigwa pasi, akaenda huku anapiga mluzi, maana alijua anaitiwa nini. Madarasa mapya bila madawati ni nini? Ni ukumbi wa mwangwi.

Mwalimu Mkuu alikuwa mama mchangamfu, miwani yake imefungwa kamba shingoni kwa sababu alikuwa akiisahau kila mahali.

"Fundi, karibu ukae. Nimekuita tuongee kama ndugu," alisema, na hapo hapo Kigoda akajua mambo si mazuri. "Walimu wangu wanajikwaa. Darasa la mwisho lote limetoa miguu kwenye ujia. Jana mwalimu wa hesabu ameruka miguu ya huyu, akakanyaga ya yule, akaanguka na chaki zake."

"Mpe pole nyingi. Lakini hiyo ni adabu, Mwalimu. Dawati halina kosa. Watoto wa siku hizi hawajui kukaa."

"Hawajui?"

"Hawajui kabisa. Wanakaa kama wanasubiri kukimbia."

"Basi twende ukawafundishe," alisema Mwalimu Mkuu, akaitafuta miwani yake, akaikuta kifuani.

Darasa la mwisho lilisimama kumwamkia. Lo! Kigoda alijikuta anatazama vifungo vya mashati. Hakuonyesha kushtuka. Aliwaamuru wakae, wageuke mbele, miguu ndani, migongo wima kama ukuta. Watoto wakatii. Kukasikika mlio wa mbao kukwama, kisha madawati, moja baada ya jingine, yakanyanyuka. Magoti yao yalikuwa yamegonga rafu ya madaftari chini ya meza na kuiinua juu. Kalamu zikabingirika. Dawati la mstari wa mbele likasogea lenyewe likimfuata Kigoda kama mbwa anayemfahamu.

"Acheni mchezo!" Kigoda alifoka.

"Si mchezo, mjomba Fundi," alijibu mvulana wa dawati lile, jasho linamtoka. "Ukituambia tukae wima, nalo linasimama."

Darasa zima likaangua kicheko. Nyuma kulikuwa na msichana waliyemwita Twiga. Yeye alikuwa ameshakata tamaa, amekaa upande.

"Na wewe mbona umekaa kama unapanda baiskeli ya mtu?" Kigoda alimuuliza.

"Nimezoea, mjomba. Mwili uko darasani, miguu iko kwenye ujia. Ikifundishwa kitu huko itaniambia."

Mwalimu Mkuu alicheka mpaka akafuta machozi kwa kamba ya miwani. Walipotoka nje, hata hivyo, uso wake ulikuwa umetulia.

"Fundi, Ijumaa kamati ya shule inakaa. Cheche naye ataleta dawati lake la mfano. Wewe lete la kwako. Watoto watakalia, kamati itaona kwa macho. Lakini likiwa kama haya, mimi sitakuwa na mdomo wa kukutetea."

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yake iko ng'ambo ya barabara. Madawati ya Cheche! Ya bomba la chuma, yanapiga kelele ukiyaburuta, tena yakishika jua huwezi kuyakalia. Kigoda alirudi kwake amefura. Akiikosa kazi hii, shule haitarudi kwake tena, na yeye atabaki kuwa fundi wa kurekebisha milango inayogoma kufungwa.

"Wametia chumvi," alimwambia Mlingoti. "Wamechagua watoto wakubwa makusudi."

"Darasa zima?"

"Darasa zima!"

Mlingoti aliendelea kupiga msasa.

Kesho yake asubuhi mtu aliingia bila kusikika, kwa sababu ya yale maranda. Alikuwa mwanamke kijana, amebeba mkoba mgongoni na kasha la mbao mikononi, kasha lenyewe limepasuka ubavu.

"Shikamoo, Fundi. Nimeelekezwa hapa. Gari liliruka kwenye shimo, kasha langu la kukalia likavunjika."

"Marahaba, mwanangu. Kasha la kukalia? Viti vimekukosea nini?"

Mgeni alicheka. Akaeleza kwamba anatoka chuo kikuu na amekuja kupima watoto wa shule ile. Kazi yake ni kusoma jinsi miili ya watu inavyokua, na kwa nini watu wa mahali fulani wanakua hivi na wa mahali pengine vile. Alipima urefu wa mtu akiwa amesimama, halafu akiwa amekaa kwenye kasha lile, mgongo umegusa ukuta. "Nikitoa wa kukaa kwenye wa kusimama, kinachobaki ni miguu."

"Kumbe kuna watu wanasomea jambo hilo!" alisema Mlingoti. "Sisi tunahesabu miguu bure."

"Watoto wa shule nyingine nilikopima wananiita Dada Rula," alisema mgeni. "Nanyi niiteni hivyohivyo, nimeshakubali yaishe."

Kigoda alilitengeneza kasha kwa mikono ya haraka: akatoa ubavu uliopasuka, akaweka mpya, akapiga gundi na misumari, akalipiga randa kidogo mpaka likakaa sakafuni bila kuyumba. Dada Rula akaomba walijaribu. Mlingoti akakaa, mgongo ukutani, na Dada Rula akachora mstari wa chaki juu ya kichwa chake. Kisha akakaa Kigoda, ukachorwa mstari mwingine.

Wote watatu wakatazama ukuta. Kati ya mistari ile miwili hapakuenea zaidi ya vidole viwili.

"Simameni sasa," alisema Dada Rula, sauti imebadilika kwa hamu.

Wakasimama, wakachorwa upya. Safari hii kati ya mistari pakaenea shubiri nzima.

"Mungu wangu!" Mlingoti alipiga makofi. "Kaka, kumbe tukikaa sisi ni ndugu!"

Dada Rula alikuwa anawatazama kama mtoto aliyeona jongoo anajikunja kwa mara ya kwanza. "Mmezaliwa baba mmoja, mama mmoja?"

"Ndivyo tunavyoambiwa, ingawa huyu aliokotwa," alisema Kigoda.

"Na mmekulia nyumba moja?"

Hapo Kigoda aligeukia meza yake ya kazi. Alichukua tambara akafuta mikono, ingawa haikuwa michafu.

"Nyumba moja hapana. Mimi nilipokuwa mdogo tulikaa nyuma ya tanuri la matofali. Chumba kimoja. Baba alikuwa kibarua, leo ana kazi, kesho hana, na siku asiyokuwa nayo sufuria ilikaa juu ya rafu inapumzika. Maji tulichota mtaroni. Nilikuwa naumwa tumbo mpaka nikadhani tumbo la kila mtu linauma, ndivyo lilivyoumbwa. Nilipopata nguvu kidogo nikaanza kubeba matofali. Halafu baba akaajiriwa kiwandani, tukahamia nyumba yenye bomba uani. Huyu akazaliwa hapo. Zahanati mlango wa pili, maziwa asubuhi. Mimi nilipolifikia bomba, nilikuwa nimeshapita utoto."

Mlingoti alikuwa ameshika msasa bila kuutumia. "Hukuwahi kuniambia habari za mtaro."

"Ulikuwa hujazaliwa. Ningemwambia nani?"

Dada Rula alikaa juu ya kasha lake. "Miguu ina haraka, Fundi," alisema. "Utotoni ndiyo inayokimbia kukua, kiwiliwili kinafuata taratibu. Sasa mtoto akikosa chakula wakati ule ule, akiumwa tumbo kila mara, mwili unaanza kubana matumizi. Wengi wetu tunaosoma mambo haya tunaona kwamba unawalinda kwanza wakubwa: ubongo, moyo, ini. Miguu inaambiwa, ninyi subirini kidogo."

"Inasubiri mpaka lini?"

"Hali ikibadilika mapema, inakimbia kufidia. Ikichelewa, zamu inapita. Lakini sikiliza, kwa watu wawili siwezi kuapa. Damu nayo ina lake, na kuna ndugu waliokula sahani moja wakatofautiana tu. Ila nikipima watoto wengi, mtaa kwa mtaa, wenye bomba na wasio na bomba, jambo hilo naliona waziwazi kama hiyo chaki ukutani."

Kigoda alifikiri, kisha akavimbisha kifua. "Kwa hiyo mimi ni mtu mrefu, ila nilizuiwa njiani."

"Usipige chuku, kaka."

"Muulize mtaalamu! Nimezuiwa!"

Walicheka, na Mlingoti akampiga kaka yake begani kwa kiganja chenye vumbi, akakiacha pale muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake. Dada Rula alipokuwa anafungafunga mkoba, macho yake yakaangukia ukutani.

"Na hiki kijiti kinachokaa peke yake ni cha nini?"

Ah, hilo ndilo swali ambalo Kigoda alipenda kuulizwa kuliko yote. Alikishusha kwa mikono miwili. "Hiki ndicho kilichokalisha shule nzima. Ndicho kiti cha darasa la mwisho. Fundi wangu alikikata kwenye goti langu mimi mwenyewe, nilipokuwa mtoto kama wao, wakati miguu yangu bado..."

Akakisimamisha kijiti pembeni ya mguu wake. Mdomo ulibaki wazi.

"Kaka?" Mlingoti alisogea.

"Wakati miguu yangu bado inasubiri zamu," alimaliza Kigoda kwa sauti ndogo. Aliegemea meza. Aliyaona tena madawati yakinyanyuka, kalamu zikibingirika, yule mvulana akitokwa na jasho kwa kujaribu kutii. "Wale watoto hawajakosa adabu. Wana bomba. Wanapewa uji shuleni. Wamekua! Na mimi nawakunja waingie kwenye njaa yangu."

Halafu Dada Rula alisema polepole kwamba hajawahi kusikia njaa ya mtu mmoja ikikaliwa na shule nzima, na angeomba ruhusa ya kuwasimulia wenzake. Kigoda akasema ruhusa ipo, ila waambiwe alikuwa mrefu.

Unaweza kudhani hapo mambo yaliisha. Hayakuisha. Dada Rula alipoondoka, Kigoda alikirudisha kijiti kwenye msumari wake na kuanza kupasua mbao za dawati la mfano kwa kipimo kilekile.

"Kaka, unafanya nini?"

"Kazi."

"Kwa kijiti hicho hicho?"

"Fundi mzee alisema nisibahatishe. Amekufa akijua nakishika. Nikikiacha leo nitakuwa nimemwambia alikosea, naye hayupo kujitetea."

"Kwa hiyo Ijumaa dawati litembee mbele ya kamati?"

Msumeno ulikwenda ukarudi, ukaenda ukarudi, ukasimama katikati ya ubao. Alikuwa amekumbuka kitu. Siku ile ya kupimwa, akiwa amekaa juu ya ubao na mguu mmoja uko wazi, aliona haya, akauliza, "Kwa nini mimi?" Na fundi mzee, bila hata kuinua kichwa, akajibu: "Sasa nimpime nani? Wewe ndiye mtoto uliye mbele yangu."

Ndivyo alivyosema. Hakusema miguu yako ni sheria. Alimpima mtoto aliyekuwepo.

Kigoda aliuchomoa msumeno. "Mlingoti, wewe unajua kushika chaki?"

"Nilisoma, mimi."

"Basi vaa viatu. Twende tukapime watoto waliopo."

Uwanja wa shule siku ile ulikuwa kama sherehe. Dada Rula upande mmoja na kasha lake na ubao wake wa kusimamia, Kigoda upande wa pili na ubao wa kukalia, na watoto wanapita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kigoda alikuwa amepiga magoti, anashika kisigino cha kila mtoto kama anavisha kiatu mwana wa mfalme. Mlingoti alichora chaki kwenye fito ndefu, kila mtoto na alama yake.

"Mjomba, unanitekenya!"

"Tulia wewe. Goti lako liko wapi? Hili? Mbona liko mbali hivi, ulilisahau nyumbani?"

Twiga alipokaa, alama yake ikapanda mpaka Mlingoti akampa mkono. "Karibu chamani, mwanangu. Huku juu hewa ni safi, ila jihadhari na milango."

"Shangazi, wewe ulikuwa unakaa wapi darasani?"

"Upande, kama wewe. Kwenye dawati la kaka yangu!" Na alipolisema hilo wakatazamana yeye na Kigoda, wakapasuka kicheko, maana katika miaka yote ile hakuna kati yao aliyewahi kuliwaza.

Kigoda alitaka kuchukua alama ya juu kabisa na kukata fito yake mpya hapo hapo. Ndipo akaja msichana mmoja wa darasa lilelile la mwisho, mtulivu, sketi yake imepindwa kiunoni isiburuze. Alikaa. Kigoda akashika kisigino chake, akaweka fito, na mkono wake ukasimama. Alama ile aliijua. Angeweza kuichora amefumba macho.

"Unakaa wapi, mwanangu?"

"Ng'ambo ya machimbo, mjomba."

"Kuna bomba?"

"Linachimbwa. Wamesema karibuni." Kisha akaongeza, kama mtu anayetoa habari njema, "Lakini hapa shuleni nakunywa uji. Mara mbili, wakikubali."

Kigoda alimtazama Dada Rula, na Dada Rula, aliyekuwa amesikia, alisema, "Huyu bado anakua. Zamu haijapita." Mwalimu Mkuu, ambaye alikuwa anajifanya anapita tu, aliitafuta miwani yake, akaivaa, na kumwambia mpishi wa uji maneno mafupi yaliyomfanya mpishi aitikie mara tatu.

Kama Kigoda angekata fito ya Twiga, msichana huyu angesoma miguu ikiwa hewani. Kama angebaki na kijiti cha zamani, Twiga angebaki kwenye ujia. Darasa ni moja, umri ni mmoja, na magoti hayasikilizani! Alikuna kichwa. Akazitazama alama zote kwenye fito, zilivyojazana mahali fulani na kupungua mahali pengine, akaona zenyewe zimejigawa makundi, makubwa, ya kati na madogo.

"Dawati moja la mfano halitoshi," alimwambia dada yake. "Tunapeleka matatu."

"Ijumaa ni kesho kutwa, kaka."

"Kwani wewe mikono yako mirefu hivyo ni ya nini?"

Walifanya kazi kama watu wanaokimbia mvua. Kigoda alipasua, akapiga randa, akachimba matundu kwa patasi; Mlingoti alimfuata nyuma na msasa kabla mbao hazijapoa. Rafu ya madaftari Kigoda aliitoa chini ya meza akaiweka pembeni, magoti yapite. Vanishi ya dawati la mwisho ilikauka wakiwa njiani, na Mlingoti alilibeba kwa ncha za vidole huku anawafokea nzi.

Ijumaa, Cheche alikuwa ameshafika. Dawati lake lilikuwa linang'aa, rangi ya bluu, imara hasa, tembo angelikalia.

"Kigoda, umeleta duka zima?" Cheche aliuliza.

"Nimeleta ukoo. Baba, mama na mtoto."

Kamati ilikaa kwenye benchi uwanjani. Mwalimu Mkuu akawaita wanafunzi. Kwanza Twiga na mwenzake kwenye dawati la chuma: wakaenea vizuri, kamati ikatikisa kichwa kwa kuridhika, na Cheche akakunja mikono. Kisha Mwalimu Mkuu akamwita yule msichana wa ng'ambo ya machimbo. Alikaa, miguu ikaning'inia, meza ikamfika karibu na kidevu. Alijaribu kuandika jina lake na bega likapanda mpaka sikioni.

"Atakua," alisema mzee mmoja wa kamati.

"Na mpaka akue aandike vipi?" aliuliza Mwalimu Mkuu. "Hebu, Fundi, la kwako."

Twiga aliingia kwenye dawati kubwa. Alifika akiwa ameshageuza miguu kwenda kwenye ujia, kwa mazoea. Akasita. Akaingiza mguu mmoja ndani, kama mtu anayejaribu maji. Haukugonga kitu. Akaingiza wa pili. Akasogea mbele, akasogea nyuma, akatazama chini ya meza asiamini.

"Mjomba!" alipiga kelele. "Imeingia yote!"

Kamati ilicheka, lakini Kigoda alikuwa hatazami huko. Alikuwa anamtazama yule msichana mtulivu aliyekwenda mwenyewe kwenye dawati dogo bila kuambiwa. Soli zake ziligusa chini, zote mbili, zikatulia. Akaandika jina lake. Akaandika la shule. Akaendelea kuandika, na Mwalimu Mkuu alipomwambia basi, ainuke, akauliza kama anaweza kumaliza mstari.

Kamati haikuongea kwa muda mrefu. Madarasa mapya yote alipewa Kigoda, kila darasa lipate ya aina tatu, na mwanzo wa kila mwaka apite kuwapima watoto upya. Cheche alimpa mkono kwa moyo mweupe, akauliza kama angeweza kuiazima ile fito ya alama, kwa sababu ana oda ya viti ya shule ya mji wa pili.

"Fito siazimi," alisema Kigoda. "Watoto wa kule kawapime wenyewe. Nikuazime dada yangu akushikie chaki."

"Nani kakuambia mimi naazimwa?" Mlingoti alisema, lakini alikuwa anacheka.

Watu walipotawanyika, Kigoda alibaki uwanjani na madawati yake. Alipapasa meza ya lile kubwa, akahakikisha hakuna mtu, kisha akakaa. Alisogea ndani mpaka mgongo ukagusa ubao. Akashusha miguu kukanyaga chini.

Haikufika.

Alitazama chini ya meza. Viatu vyake vilikuwa vinaelea hewani. Akatikisa kimoja, akatikisa cha pili, halafu vyote kwa pamoja, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka dawati likaanza kulia kwa utamu.

"Haya, mtu mrefu!" Mlingoti aliita kutoka getini. "Kengele imelia, huendi nyumbani?"

"Niache kidogo," alijibu Kigoda, miguu inapepea. "Ndio kwanza nimeanza shule."